Majina Thelathini na Moja

Nianze na koti, maana wivu wangu ulianzia hapo. Lilikuwa koti jepesi la kijani lisilo na mikono, limeandikwa mgongoni kwa herufi nyeupe: MSIMAMIZI WA KITUO. Chaguzi tatu mfululizo nilipewa koti kama hilo Kajiado mjini, nikalipeleka nyumbani Endoinyo Sidai, nikalipiga pasi ya makaa, nikalivaa tangu alfajiri hadi matokeo yalipobandikwa mlangoni. Mwaka huu nilipewa linalosema NAIBU, na lile langu akapewa msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Kitengela. Hata pasi hakulipiga.

Mimi ni mwalimu Namunyak. Nimefundisha Endoinyo Sidai miaka ishirini na miwili, na darasa langu la mabati ndilo kituo cha kupigia kura. Wapiga kura walioandikishwa ni mia mbili na kumi na wanne, wametapakaa kwenye nchi ambayo ukitembea kutoka boma la kwanza hadi la mwisho unatumia siku nzima na unafika umechoka kuongea. Lori la Tume ya Uchaguzi linaishia kwenye mto mkavu. Kutoka hapo masanduku yanabebwa na punda. Wakati wa kiangazi nusu ya watu wanahama na ng'ombe, na huwezi kuwatangazia uchaguzi kwa bango. Unaenda kwenye bomba la maji siku ya zamu ya kunywesha, unamwambia huyu amwambie yule. Kazi hiyo niliifanya mara tatu na hakuna aliyewahi kunilalamikia.

Kisha yakaja yale maandamano. Vijana walijaa barabarani Nairobi, Rongai, Kitengela, wakisema wamechoka na sura zilezile. Huku kwetu hakuna barabara ya kuandamania, lakini simu tunazo, na tuliona yote. Nilikuwa upande wao, naapa. Niliwashangilia nikiwa nimekaa kwenye ndoo nyuma ya jiko, mahali pekee ambapo mtandao unashika. Sikujua kwamba sura mojawapo kati ya zile zilezile ni yangu.

Mwaka uliofuata mwakilishi wetu wa wadi aliaga dunia, uchaguzi mdogo ukaitishwa, na watu wakataka wasimamizi wapya kila kituo. Tukaitwa kwenye usaili Kajiado. Niliulizwa maswali na watu ambao wangeweza kuwa wanafunzi wangu. Majina yalipobandikwa, la kwanza lilikuwa Wanjira Kiragu, la pili langu. Nililisoma jina lake mara tatu, nikidhani labda kuna karatasi nyingine imefunikwa.

Huyu Wanjira nilikuwa nimemwona kwenye simu. Ndiye aliyesimama juu ya pipa la lami pale Kitengela, bendera shingoni, akisema kwamba kuanzia sasa kila kura itahesabiwa mchana kweupe na wafu hawatapiga kura tena. Baba yake anauza misumari na mabati. Nilitamani awe mjinga, au mwenye madharau, ili nimchukie kwa raha. Hakuwa hivyo. Alifika wiki mbili kabla ya uchaguzi akiwa na begi moja, akalala kwenye stoo ya shule pamoja na magunia ya uji, akaniita Mwalimu kila sentensi.

Na alifanya kazi vizuri. Hilo ndilo lililonichoma. Alienda kwenye bomba siku ya zamu bila kuambiwa na mtu. Siku ya tatu alikuwa akiwasalimu akina mama kwa Kimaa, lugha yetu, "Takwenya" na kungoja "Iko" yao kwa kichwa kilichoinama. Muteti, karani wa mashine ya kutambua wapiga kura, Mkamba mzito asiyemwinukia mtu, alikuwa akimpisha kiti. Watoto wangu wa darasa la tatu walianza kufunga sweta shingoni kama bendera yake. Nikapiga meza makofi, nikawaambia sweta ni ya kuvaa. Jioni nililala nikihesabu nani amemsifu siku hiyo.

Aliyenimaliza kabisa ni mama mkwe wangu. Yeyo, mama wa mume wangu, ana miaka zaidi ya themanini na siku hizi anaishi na shemeji yangu ng'ambo ya vilima, mwendo wa saa nne kwa miguu. Tangu nimzike mwanawe miaka mitatu iliyopita hajawahi kukanyaga kwangu. Chaguzi zote tatu nilimwomba aje kupiga kura, akasema miguu inauma. Wanjira alimwendea kwa pikipiki ya Timothy, naibu wa chifu, akanywa chai yake yenye moshi, na akarudi akiniambia kwamba Kokoo, yaani bibi, kama alivyomwita Yeyo, amekubali kuja. Sikumwamini. Nilimwambia, "Vizuri sana," nikaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Basi siku moja kabla ya uchaguzi, kwenye saa kumi na moja jioni, tulikuwa tumeshapanga madawati na kufunga kamba ya foleni. Wanjira alinijia na karatasi mbili zilizochapwa. Alikuwa amempata Timothy, akamwomba vibali vya mazishi vyote tangu uchaguzi uliopita, na kuandika orodha. Watu thelathini na mmoja.

"Mwalimu, kesho kabla hatujafungua nataka nisome haya majina mbele ya watu wote," alisema. "Kila mtu asikie ni nani ameenda, ndio hakuna mtu atakuja na kitambulisho ya marehemu. Mambo iwe wazi. Lakini mimi si wa huku. Kuna kitu naeza kuwa sijui? Nisije nikakosea watu."

Nami nilijua. Mtoto yeyote wa Endoinyo Sidai anajua. Kwetu mtu akifa, jina lake linalala naye. Halitajwi mbele ya mama yake, wala mke, wala watoto. Tunamzungukia kwa maneno, na kama kuna mtoto aliyepewa jina hilo, anatafutiwa lingine. Siku ya mazishi mchungaji hulisoma mara moja kwenye kitabu, nasi tunainamisha vichwa na kuvumilia, kwa kuwa ni kanisa. Lakini kusimama asubuhi mbele ya foleni na kuita wafu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, mbele ya waliowazaa, ni kuwaita waje wachukue wengine.

Nilitazama ukurasa wa kwanza. Niliona jinsi ulivyochapwa vizuri, mistari imenyooka, nambari pembeni. Sikufunua wa pili. Niliwaza: kesho asubuhi watakuona ulivyo. Niliwaza wafu wa watu wengine. Wangu hata hakunijia akilini, kwa sababu mume wangu alifanya kazi ya mifugo Kajiado mjini miaka yote na kura yake ilikuwa huko. Uchaguzi uliopita, asubuhi ya siku yenyewe, akiwa mgonjwa kitandani, aliniomba nimtafutie gari impeleke hapa kituoni. Nilimwambia kura yake iko Kajiado, alale. Alicheka kidogo, nikadhani ni homa. Nilikuwa nimeshavaa koti.

"Hakuna kitu," nilimwambia Wanjira. "Soma tu."

Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono miwili, nikautoa haraka kana kwamba naenda kuangalia maji.

Asubuhi ilikuwa na baridi kavu. Nilipofungua mlango niliona foleni ambayo sijawahi kuiona chaguzi zangu zote tatu. Watu walikuwa wameanza kufika kabla ya mapambazuko, wengine wamelala kwenye uwanja wa shule, na karibu mia moja walikuwa wameshajipanga. Mbele kabisa, amekaa kwenye debe la mafuta lililogeuzwa, fimbo kati ya magoti, alikuwa Yeyo. Nilimwinamia, akanigusa kichwani. Wanjira alipotoka, mama huyo alitabasamu. Wivu ulinipanda, nami nikafurahi kwamba sikusema kitu.

Wanjira alisimama juu ya kiti cha darasa. Alisalimu kwa Kimaa, watu wakaitikia kwa sauti moja. Alieleza kwa Kiswahili kwamba huu ni uchaguzi wa uwazi. Kisha akaanza kusoma.

Jina la kwanza halikuleta kelele yoyote. Watu walitazamana tu, hawaamini masikio yao. Jina la pili, mwanamke mmoja alijifunika uso kwa shuka. La tatu lilikuwa la kijana aliyeanguka na pikipiki, na baba yake alikuwa mtu wa sita kwenye foleni. Ledama, ajenti wa mmoja wa wagombea, mwenyeji wa hapa, aliinuka akatembea haraka kuelekea kwenye kiti. Wanjira, akidhani ni mambo ya vyama, alimwinulia kiganja.

"Agent, utaongea nikimaliza," alisema, akaendelea.

Ledama alinigeukia mimi. Macho yake yaliuliza. Mimi nikajifanya nafunga kamba. Kwenye jina la saba watu walianza kutoka. Hawakupiga kelele, walitema mate chini, wakajifunika, wakageuka kwenda. Foleni ilivunjika kuanzia nyuma. Wanjira alikuwa ameinamia karatasi, kidole kwenye mstari, akijitahidi kutamka kila jina sawasawa ili asimkosee heshima mtu. Akafunua ukurasa wa pili.

Jina la kumi na tisa lilikuwa la mume wangu.

Sitaliandika hapa. Nilikuwa sijalisikia miaka mitatu. Alilitamka vizuri, yote matatu, kama alivyoitwa shuleni. Kitu cha kwanza nilichowaza, aibu yangu, ni kwamba Timothy amechanganya, huyu si mpiga kura wa hapa. Kitu cha pili nilichoona ni Yeyo akiinuka kutoka kwenye debe. Aliinuka peke yake, bila kushikwa, akanitazama mimi, si Wanjira, kisha akaanza kurudi njia aliyojia.

Wanjira aliinua kichwa kwenye jina la ishirini na moja. Uwanja ulikuwa umebaki na kamba, debe, maajenti, na askari wa ulinzi aliyekuwa akitazama viatu vyake. Alishuka kwenye kiti polepole. Ledama alimweleza kwa maneno machache. Niliona uso wake ukibadilika, na nilikuwa nimeungoja uso huo wiki mbili nzima.

Hakulia mbele yetu. Alinivuta kando nyuma ya mlango, akavua lile koti, akalikunja mara mbili na kuniwekea mikononi.

"Chukua, Mwalimu. Hao ni watu wako, watakusikiliza. Nitapiga simu Kajiado niwaambie nimeharibu, wewe uendeshe." Alichomoa simu mfukoni. "Najua nilikuuliza. Labda hata wewe ulisahau tu, na kazi ilikuwa mingi."

Nilisimama na koti mikononi. Hakuna aliyejua. Ningelivaa, nikawafuata watu, nikawaambia msichana mgeni amekosea na sasa ninasimamia mimi, na huenda nusu wangerudi. Kajiado wangeandika kwamba Namunyak aliokoa kituo. Uchaguzi ujao jina langu lingekuwa la kwanza. Yote niliyotaka yalikuwa mikononi mwangu, na aliyenipa alikuwa akiniombea radhi kwa kosa langu. Nilijichukia.

Kwetu ukienda kumwomba mtu msamaha wa jambo zito, unashika nyasi mkononi. Nilitoka nikitafuta nyasi. Kiangazi cha miezi mitano. Uwanja wote ulikuwa vumbi na kinyesi cha mbuzi. Nilizunguka shule nzima nikiwa nimeinama, mwalimu mzima, na Muteti dirishani akidhani nimepotewa na akili. Mwishowe nilizikuta nyuma ya tangi, pale bomba linapovuja, kishungi kimoja cha majani mabichi. Nikayang'oa na mizizi yake.

Yeyo alikuwa ameshafika kwenye mto mkavu. Mtu wa miaka themanini, na nilimfikia nikihema. Nyuma yake watu wengi walikuwa wamesimama vikundi vikundi chini ya kingo, wasijue waende au wabaki, wakimtazama yeye. Nilipiga magoti kwenye mchanga, nikainua nyasi. Nyuma yangu nilisikia hatua. Wanjira alikuwa amenifuata. Ningependa asingekuwepo.

Nilisema kwa Kimaa kwanza, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili Wanjira asikie. Nilisema kwamba jana jioni msichana huyu alinionyesha orodha na kuniuliza kama kuna jambo asilolijua. Nilisema nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilimwonea wivu na nilitaka aaibike mbele yao.

Watu walisogea. Yeyo hakuzichukua nyasi mara moja.

"Alikuuliza?" alisema.

"Aliniuliza, Yeyo."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia asome tu."

Alichora mchanga kwa ncha ya fimbo.

"Basi huyu mtoto amelitaja jina la mwanangu kwa kutojua," alisema. "Wewe umelitaja kwa mdomo wa mtu mwingine."

Alizichukua nyasi, akazitazama kama zina uzito, akazifunga kwenye ncha ya shuka yake. Aliuliza majina yaliyobaki yatafanywaje. Nilimwambia hakuna atakayeyasoma. Tutayapigia mstari kwenye sajili, mimi mwenyewe, mbele ya maajenti, midomo imefungwa. Akamnyooshea Wanjira mkono, akamwegemea, na wote wawili wakaanza kurudi. Alipofika kwangu, bado nimepiga magoti, aliniambia niinuke, amekuja kupiga kura, hakuja kunitazama mimi. Watu wakacheka kidogo, na wakamfuata.

Tulipofika darasani nilimvalisha Wanjira koti lake. Alikaa wima kama mtoto anayevalishwa na mtu aliyemkosea, akaniachia nimfunge vifungo, kisha akasema kwa sauti ya kazi kwamba tumechelewa saa moja na dakika arobaini na ataongeza muda huo jioni. Akanipa rula na kalamu nyekundu.

Nilikaa kwenye dawati langu la mbele, sajili imefunguliwa, orodha pembeni. Ledama na maajenti wengine walisimama mabegani mwangu. Niliweka kidole kwenye jina la orodha, nikalitafuta kwenye sajili, nikanyoosha rula, nikapiga mstari. Wao wakatikisa kichwa. Hakuna aliyefungua mdomo. Wanne hawakuwa kwenye sajili yetu kabisa. Hao waliandikishwa kwingine na niliwapita. Nilipofika wa kumi na tisa nilikuwa tayari kumpita pia. Nilifunua ukurasa wa ukoo wetu kwa ajili ya kuhakikisha tu.

Alikuwepo. Jina lake lilikuwa mstari mmoja juu ya langu.

Ukurasa huo niliuona uchaguzi uliopita. Karani wa siku hiyo aliniwekea kidole kwenye jina langu, nikathibitisha ni mimi, nikapiga kura yangu haraka ili nirudi kusimamia. Sikutazama juu wala chini. Aliporudi nyumbani akiwa mgonjwa alikuwa amehamisha kura yake bila kuniambia, ili siku hiyo aje asimame kwenye foleni yangu na apewe karatasi na mke wake. Aliniomba gari. Nilimwambia alale.

Wanjira aliona mkono wangu umesimama. Alisoma mstari wa juu, kisha wa chini, akaelewa. Yeye ambaye sikumstahili alichutama kando ya dawati, akaweka kidole kwenye kalamu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningependa aupige yeye mstari huo.

Nilimwambia hapana, huyu ni wangu. Nje Yeyo alikuwa ameshakaa kwenye debe lake, wa kwanza kwenye foleni, akingoja tufungue. Nikanyoosha rula.